Kazi ya Vigingi na Kamba

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo wengi wenu mmeyaona matunda yake, lakini ni wachache waliowahi kuwafikiria wale waifanyao. Ni kazi yetu sisi tulioajiriwa na kampuni za kutayarisha mikutano na sherehe: hema, viti, jukwaa, taa, stima na vyombo vya sauti.

Ninyi mwafika uwanjani saa tatu asubuhi, mmevaa vizuri. Mwakuta hema zimesimama, viti vimepangwa safu kwa safu, na jukwaa limetandikwa zulia. Mzee wa kanisa ashika maikrofoni na kuwasalimu watu, na hata mama aliyeketi nyuma kabisa, karibu na ua, asikia kila neno. Hakuna aulizaye ni nani aliyeyafanya hayo. Wala sisi hatulalamiki kwa kutoulizwa, kwa maana kazi yetu ikiwa njema haionekani. Siku ambayo watu wote huigeukia na kuitazama ni siku mbaya: sauti imekatika, stima imezimika, au hema limeng'oka.

Neno letu la leo ni moja tu. Furaha na usalama wa watu wengi hutegemea kitu kidogo kilichofungwa usiku na mtu asiyejulikana jina. Mtu huyo ana wajibu mkubwa, na tena ana haki yake. Tukikumbuka wajibu wake na kuisahau haki yake, tumefanya nusu ya wema.

Kwanza, tuwaeleze jinsi siku yetu ilivyo. Harusi ya Jumamosi kwetu sisi huanza Alhamisi au Ijumaa. Lori hupakiwa kwa utaratibu: kitakachohitajiwa kwanza uwanjani hupakiwa mwisho, ili kisikaliwe na vingine. Dereva, taniboi na mafundi husafiri pamoja, na mara nyingi twafika giza limekwisha kuingia. Hapo twaanza kuuchunguza udongo. Ndiyo, udongo! Kigingi kilichopigwa katika udongo mwekundu wa Kiambu hushika vizuri. Kigingi hicho hicho kikipigwa katika udongo mweusi wa pamba wa upande wa Embakasi na Athi, mvua ikanyesha usiku, asubuhi chaweza kung'olewa kwa mkono. Na mahali palipo na lami hakuna kigingi kabisa, basi twafunga kamba kwenye mapipa yaliyojazwa maji. Pipa la lita 200 lina uzito wa kilo 200 na zaidi, lakini pipa lililojazwa nusu huwadanganya watu wote, kwa kuwa kwa nje hakuna awezaye kuona kama limejaa au la.

Kwa nini twahangaika hivyo? Kwa sababu hema ni tanga. Tanga la dau latakiwa liende na upepo, bali hema latakiwa libaki pale pale. Tena upepo una hesabu yake: ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma haiongezeki mara mbili bali mara nne. Kwa hiyo kamba iliyotosha asubuhi yaweza isitoshe alasiri. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi twasema, atakaye hema lisimame sharti ainame mpaka kwenye kigingi cha mwisho, kile kilicho nyuma ya choo ambako hakuna apitaye.

Kisha kuna sauti. Labda umewahi kuhudhuria mkutano mkubwa wa Injili, ukakaa mbali, ukasikia kila neno mara mbili kama mwangwi wa bondeni. Sababu yake ni hii. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja, lakini ndani ya waya ishara hufika papo hapo. Mtu aliyeketi mita 170 kutoka jukwaani, karibu na spika za nyuma, husikia neno kwanza kutoka spika iliyo karibu naye, na nusu sekunde baadaye alisikia tena likitoka mbele. Maneno yagongana, na mahubiri yawa kelele. Basi fundi huichelewesha ile spika ya nyuma kwa nusu sekunde hiyo, ili sauti mbili zifike pamoja. Spika ya nyuma haina budi kuisubiri ya mbele. Ni kazi ya hesabu na ya masikio, na fundi huifanya alfajiri kwa kutembea uwanja mzima huku mwenzake akisema kwenye maikrofoni, moja, mbili, moja, mbili. Wapitao hucheka wakidhani twacheza.

Tena kuna stima. Jenereta lazima liunganishwe na ardhi kwa fimbo ya chuma iliyopigwa chini, na nyaya zipitishwe mahali ambapo watoto hawatajikwaa wala maji hayatasimama. Huko Waco, katika jimbo la Texas nchini Marekani, tarehe 30 Oktoba 2005, mchungaji mmoja kijana aliingia katika maji ya kisima cha ubatizo mbele ya washirika wake, akanyosha mkono kuishika maikrofoni, na stima ikampiga akafa. Hakuwa mahali pa anasa, alikuwa kanisani, katika ibada. Stima haijui kanisa wala dansi. Kwa hiyo, ndugu, mtuonapo tukikataa kulitandaza waya juu ya nyasi zenye maji, msituone kuwa wasumbufu.

Sasa tuseme juu ya jambo lililo gumu zaidi kuliko kupiga vigingi, nalo ni kusema, "Simamisheni."

Tarehe 13 Agosti 2011, katika maonyesho ya jimbo la Indiana huko Indianapolis, watu walikuwa wamekusanyika kungojea waimbaji. Mawingu yalikuwa yameonekana, na habari za dhoruba zilikuwa zimetangazwa. Upepo ukaja ghafula, ukaliangusha paa la vyuma lililobeba taa, na watu 7 wakapoteza maisha. Wachunguzi walipoulizauliza waligundua kwamba, pamoja na udhaifu wa lile paa, haikuwa wazi ni nani hasa aliyekuwa na mamlaka ya kuwaambia watu waondoke. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Juni 2012, katika bustani ya Downsview mjini Toronto, nchini Kanada, paa la jukwaa liliporomoka alasiri, kiasi cha saa moja kabla ya milango kufunguliwa. Wenye tikiti walikuwa bado nje. Aliyekufa alikuwa fundi mmoja wa ngoma, mfanyakazi kama sisi, na wenzake watatu wakaumia. Kesi yake ikachukua miaka mingi mahakamani, mpaka mwaka wa 2017 ikasimamishwa kwa kuwa imekawia kupita kiasi, na hakuna aliyehukumiwa.

Huenda mtu aseme, hayo ni ya ng'ambo. La, ndugu yangu! Chuma ni kile kile, na upepo ni ule ule. Katika nchi yetu twalijua jaribu hili vizuri. Jukwaa limejengwa kwa ajili ya watu 30. Mgeni wa heshima awasili na wafuasi wake 40, wote wataka kupanda ili waonekane. Au kwaya ya watu 60 yapanda, na wimbo ukikolea waruka wote pamoja. Watu 60 wenye kilo 70 kila mmoja ni zaidi ya tani nne, na wakiruka kwa mdundo mmoja nguvu yao hupita ile ya watu waliosimama kimya. Hapo fundi kijana, mwenye vumbi usoni na spana mfukoni, yampasa kumwendea mkubwa aliyevaa suti na kumwambia, "Tafadhali mzee, wengine washuke." Atatazamwa kama mtu asiye na adabu. Pengine ataambiwa kwamba kampuni yake haitaitwa tena. Lakini hana budi kusema. Kazi hii yafundisha kwamba heshima si kunyamaza. Anayemheshimu mzee kweli hawezi kumwacha asimame juu ya ubao usiomstahimili.

Wasomaji wa Biblia mwakumbuka kwamba watu wa kazi yetu hawakuanza juzi. Katika kitabu cha Hesabu twasoma habari za Israeli wakisafiri jangwani na ile hema ya kukutania. Kila walipohama, hema ilibomolewa, ikabebwa, ikasimamishwa tena. Wana wa Kohathi walibeba sanduku, meza na kinara, vitu vitakatifu ambavyo kila mtu huvikumbuka. Wana wa Gershoni walibeba mapazia. Na wana wa Merari je? Walibeba mbao, mataruma, nguzo, vitako vyake, vigingi na kamba. Ni nani katika Shule ya Jumapili aliyewahi kuulizwa juu ya wana wa Merari?

Lakini angalieni mambo matatu. Kwanza, walipohesabiwa wanaume wa umri wa miaka 30 hadi 50 waliofaa kazi hiyo, Wakohathi walikuwa 2,750, Wagershoni 2,630, na Wamerari 3,200. Wa vigingi na kamba ndio waliokuwa wengi. Pili, safari ilipoanza, Wagershoni na Wamerari walitangulia pamoja na hema, ili Wakohathi watakapofika na vitu vitakatifu wakute mahali pamekwisha simamishwa. Bila ya watangulizi hao, sanduku lenyewe lingekaa juani. Tatu, na hili twaomba mlitie moyoni, wakuu walipotoa magari ya kukokotwa na ng'ombe, Musa aliwapa Wagershoni magari mawili na ng'ombe wanne, bali Wamerari aliwapa magari manne na ng'ombe wanane. Mzigo wao ulikuwa mzito, basi wakapewa msaada mara mbili. Musa hakuwaambia tu wajikaze kwa imani. Aliwapa magari.

Tumekwisha kusema juu ya wajibu. Sasa tuseme juu ya magari, yaani haki ya mfanyakazi.

Kazi hii ina furaha yake, hatukatai. Twaona nchi yetu kwa namna ambayo wengi hawaioni. Wiki moja twaweza kusimamisha hema la harusi siku ya Jumamosi, na Jumanne ile ile turubai ikawafunika watu wa matanga katika kijiji kingine. Twabadili vitambaa tu, lakini nguzo ni zile zile. Jambo hilo humfunza mtu hekima asiyoipata darasani. Twasikia hotuba za harambee na vilio vya mama mjane, twajua vicheko vya watoto waliokimbizana kati ya viti, na yote tumeyasikia tukiwa tumesimama nyuma ya spika.

Lakini ina taabu zake pia. Jumapili zetu nyingi huenda katika kuwahudumia wengine waabudu. Ndugu zetu waoa tukiwa kwenye harusi za watu tusiowajua. Usiku hatuna budi kuvilinda vyombo, na mwezi wa Julai huko Limuru au Nyandarua, kulala chini ya jukwaa kwa blanketi moja si mchezo. Mara nyingine twaambiwa tungoje mpaka wageni wale, na wageni wakisha kula, sufuria zimekwisha. Watu huondoka saa kumi na moja jioni wakiimba, nasi ndipo twaanza kubomoa. Yule aliyekuwa wa kwanza kufika huwa wa mwisho kutoka.

Tena, wengi wetu si waajiriwa wa mwezi. Ni vibarua wa siku. Hali hiyo ilijulikana wazi ulipokuja ugonjwa wa korona. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini Kenya, na mara mikusanyiko ikakatazwa. Makanisa yakafungwa. Tarehe 27 Machi amri ya kutotoka nje usiku ikaanza, na mazishi yakaruhusiwa watu wa jamaa wasiozidi 15. Hema la watu 200 lingefunika nini? Malori yetu yakaegeshwa, viti vikarundikwa mpaka darini. Wengine wetu walirudi mashambani, wengine wakauza mboga kando ya barabara. Wachache walijifunza kutega kamera katika makanisa matupu, mchungaji akihubiria mabenchi, na ibada ikarushwa kwa njia ya mtandao mpaka kwenye simu za washirika. Amri ile ya usiku haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021, karibu miezi 19.

Katika miezi hiyo tulijua tofauti kati ya mtu aliyelipwa na mtu anayedai. Kulikuwa na kamati moja ya washirika, hatutaitaja mahali pake, iliyotukodi kwa sherehe kubwa kabla ya ugonjwa kuingia. Tulipoomba malipo, tulijibiwa kwamba hii ni kazi ya Mungu, basi na tusubiri. Tulisubiri. Ugonjwa ukaja tukiwa bado twasubiri. Kibarua mmoja katika kundi letu alikuwa na mtoto mgonjwa, naye hakuwa na shilingi ya kumpeleka hospitali, ingawa jasho lake lilikuwa limekwisha kukauka juu ya nguzo za watu hao. Tulichanga sisi kwa sisi, mtoto akapona. Lakini swali lilibaki: je, kazi ikiwa ya Mungu, hiyo ndiyo sababu ya kuchelewesha ujira, au ndiyo sababu ya kuutoa mapema?

Torati ya Musa iliagiza kibarua apewe ujira wake siku ile ile, kabla ya jua kutua, kwa kuwa yeye ni maskini na moyo wake wautumainia. Na sheria ya nchi yetu haiko mbali na hapo: Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yasema kwamba mshahara wa kibarua wapaswa kulipwa mwisho wa siku. Siku hizi hakuna udhuru wa kusema benki imefungwa, kwa maana fedha hufika kwa simu kabla ya lori kuwasha moto.

Wala hatusemi juu ya kamati peke yake. Ziko kampuni zipokeazo malipo yote mapema, tena kamili, kisha zikawaambia vibarua kwamba mwenye sherehe hajalipa. Nyumba njema si mlango. Kampuni yaweza kuwa na malori yenye rangi nzuri na taa za kupendeza, lakini ikiwa yule aliyeshika nyundo hajala tangu jana, sherehe hiyo imesimama juu ya kigingi kilicholegea.

Basi, ndugu mlio katika kamati za makanisa, harusi na mazishi, twawaomba mambo manne. Kabla hamjakodi, ulizeni ni nani atakayelikagua jukwaa na stima, na saa ngapi. Kubalianeni mapema ni nani mwenye neno la mwisho la kusimamisha mkutano upepo ukija, na mtu huyo akisema, msimpinge mbele ya watu. Watengeeni mafundi maji na chakula kabla sherehe haijaanza. Nayo fedha ya vibarua iwekeni kando tangu siku ya kwanza ya kuchanga, isiguswe hata kama maua hayatoshi. Sherehe yaweza kupendeza bila maua mengi.

Nanyi vijana mnaoipenda kazi hii kwa sababu mwaona taa na waimbaji, karibuni, lakini njoni mkijua. Jifunzeni kufunga fundo lisilofunguka na kufungua lile lililokaza. Jifunzeni stima kwa mwalimu, msijifunze kwa kupigwa nayo. Jifunzeni kuwahi. Na ukitumwa kupiga kigingi cha nyuma, gizani, peke yako, mvua ikinyesha, na hakuna msimamizi atakayekuja kukitazama, kipige mpaka kifike. Hapo ndipo utakapojijua wewe ni mtu wa namna gani. Asubuhi mtoto usiyemjua ataketi chini ya kamba hiyo akila mkate wake, naye hatakuwa na haja ya kulijua jina lako.

Mungu awabariki ninyi nyote, hasa wale walio kazini wakati huu wenzao wakipumzika.